Istilahi za Kozi ya Matayarisho ya Mtihani wa Udahili: Kwa Nini "Asilimia" Haitoshi

Makala haya yanakusudia kueleza baadhi ya istilahi zinazohitajiwa na mtu anayejitayarisha kufanya mtihani wa kujiunga na shule ya biashara ya ngazi ya uzamili, hususa ule ujulikanao kwa kifupi cha GMAT. Mtihani huo ulianzia Marekani. Mwaka 1953 shule tisa za biashara za huko zilishauriana kuhusu haja ya kuwa na kipimo kimoja cha kuwalinganisha waombaji waliotoka katika vyuo mbalimbali, na mwaka 1954 mtihani ukaanza kutolewa. Jina la GMAT lilipatikana mwaka 1976. Tangu mwaka 1997 umekuwa ukifanywa kwa kompyuta, na umbo lake la sasa lilianza kutumika mwishoni mwa mwaka 2023.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa mtihani wenyewe hufanywa kwa Kiingereza tu, Kiswahili kina kazi gani hapo? Jibu ni kwamba kukaa mbele ya kompyuta kwa saa mbili na robo ni sehemu ndogo tu ya safari. Mtumishi wa serikali huandika barua ya kuomba ruhusa ya masomo, na mkuu wake huijibu. Mwalimu wa kozi hufafanua swali kwa Kiswahili pale Kiingereza kinapokwama. Matokeo husomwa nyumbani, mbele ya watu waliochanga fedha. Katika hatua zote hizo maneno ya Kiswahili hutumika, yawe yamesanifiwa au hayajasanifiwa.

Miaka miwili iliyopita mwandishi wa makala haya alihudhuria kozi ya aina hiyo kwa muda wa majuma kumi, jioni baada ya saa za kazi. Nilikuwa na nia mbili: kujipima mwenyewe, na kukusanya istilahi kwa ajili ya deski letu. Yaliyotokea humo ndiyo yaliyonisukuma kuandika.

Udahili, usaili na usajili

Kosa la kwanza linalokutwa katika barua nyingi ni kuchanganya maneno matatu yanayofanana kwa sauti. Udahili unatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kuingia. Ni kitendo cha chuo kumkubali mwombaji awe mwanafunzi wake. Usaili unatokana na neno lenye maana ya kuuliza. Ni mahojiano ya ana kwa ana. Usajili unahusu kuandikwa katika daftari. Mtu hujisajili kufanya mtihani, hufanya mtihani wa udahili, na baadaye baadhi ya shule humwita katika usaili. Afisa anayeandika "mtihani wa usaili" humfanya mwombaji afikiri kwamba ataulizwa maswali kwa mdomo, naye hujitayarisha kwa jambo lisilokuwapo.

Twisheni au kozi ya matayarisho?

Wengi wetu huziita kozi hizi "twisheni". Neno hilo limekwisha kukubalika katika lugha ya kila siku, wala hatuna ugomvi nalo. Lakini twisheni, kama tuijuavyo mashuleni, ni kurudia masomo yaliyofundishwa darasani ili mwanafunzi ayakumbuke. Kozi ya matayarisho ya mtihani wa udahili ina kazi tofauti. Hesabu zinazoulizwa humo hazizidi sana zile za sekondari, wala hakuna maswali ya nadharia za biashara. Kinachopimwa ni namna ya kufikiri chini ya shinikizo la muda. Kwa sababu hiyo mwalimu mzuri hatumii saa zake kuhubiri kanuni. Humtaka mwanafunzi aeleze kwa nini alichagua jibu fulani na kwa nini aliyakataa mengine manne.

Kozi niliyohudhuria ilianza na mtihani wa utambuzi, yaani mtihani unaofanywa kabla ya somo la kwanza ili kugundua udhaifu wa kila mmoja. Baada ya hapo kila mwanafunzi alitakiwa kuweka daftari la makosa. Humo aliandika swali alilokosa, sababu ya kukosa, na njia ambayo ingemfikisha kwenye jibu. Kila baada ya majuma mawili ulifanywa mtihani wa mazoezi, ambao mashuleni huitwa "moko". Tunapendelea "mtihani wa mazoezi" badala ya "mtihani wa majaribio", kwa kuwa majaribio yaweza kueleweka kuwa mtihani wenyewe ndio unaojaribiwa.

Sehemu za mtihani

Mtihani wa sasa una sehemu tatu, kila moja dakika 45. Hoja za Kihesabu ina maswali 21, Hoja za Lugha ina maswali 23, na Ung'amuzi wa Data ina maswali 20. Mtahiniwa huchagua mwenyewe aanze na sehemu ipi.

Katika sehemu ya data kuna aina moja ya swali iliyowasumbua wengi darasani. Mtahiniwa hupewa swali pamoja na kauli mbili, kisha huulizwa kama kauli hizo zinatosha kulijibu swali. Kwa mfano: Juma ana umri gani? Kauli ya kwanza: Juma anamzidi Asha kwa miaka 4. Kauli ya pili: miaka 6 iliyopita Asha alikuwa na umri wa miaka 20. Kauli ya kwanza peke yake haitoshi, na ya pili peke yake haitoshi; zikiunganishwa zinatosha. Hapo kazi imekwisha. Mtahiniwa hatakiwi kusema kwamba Juma ana miaka 30, na anayepoteza dakika kufanya hesabu hiyo amejipunja mwenyewe.

Katika vitini vya kozi aina hii ilikuwa imeitwa "takwimu za kutosha". Jina hilo linapotosha, kwa maana linatangaza kwamba takwimu zinatosha ilhali hilo ndilo linaloulizwa. Isitoshe, kauli mbili kuhusu umri si takwimu. Tunapendekeza "utoshelevu wa taarifa", yaani kiasi ambacho taarifa zinatosha au hazitoshi. Wanafunzi wawili waliniambia kwamba walipolisikia jina hili waliacha kukimbilia kukokotoa.

Asilimia na pasentaili

Sasa tufike kwenye jambo lililo zito kuliko yote, na hapa sina budi kukiri kosa langu. Viongozi wa kozi walipojua kazi yangu, waliniomba niiweke kwa Kiswahili karatasi ya matokeo ya mitihani ya mazoezi. Karatasi hiyo ilikuwa na safu inayoonyesha mtahiniwa amewapita wengine kwa kiasi gani. Mimi, kwa haraka, niliandika "asilimia". Hakuna aliyepinga.

Mwenzetu mmoja, mhasibu katika idara ya serikali, alipata 62 katika safu hiyo upande wa hesabu. Alifurahi. Kwa mtu aliyezoea mitihani ya shule, asilimia 62 ni kufaulu, tena kufaulu kwema. Akaona hesabu zimekwisha, akahamishia juhudi zake zote katika lugha kwa majuma manne. Kumbe safu ile haikusema kwamba alijibu sawasawa maswali 62 katika kila 100. Ilisema kwamba aliwapita watahiniwa 62 katika kila 100. Shule aliyoikusudia ilikuwa imeeleza kwamba wengi wa wanafunzi wake walitoka katika robo ya juu ya watahiniwa, yaani 75 na zaidi. Alifanya mtihani, akalipa ada yake kwa dola, nafasi yake katika hesabu ikabaki palepale, na maombi yake hayakukubaliwa.

Siwezi kudai kwamba neno moja ndilo lililomkosesha. Waombaji hukataliwa kwa sababu nyingi. Lakini nilipomweleza maana halisi ya safu ile alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Ndugu yangu, mimi nilisoma kilichoandikwa." Sikuwa na jibu.

Yafaa tofauti hii ieleweke vema. Tuseme watahiniwa 200 wamefanya mtihani, na Asha amejibu sawasawa maswali 11 kati ya 21. Asilimia yake ni kama 52. Ikiwa kati ya wale 200 amewazidi 124, nafasi yake ni 62. Namba ya kwanza inamlinganisha Asha na maswali. Namba ya pili inamlinganisha na watu. Asha anaweza kuongeza maswali aliyopata huku nafasi yake ikishuka, endapo wenzake wameongeza zaidi.

Tena, katika mtihani huu asilimia ya majibu sahihi haina maana kubwa, kwa kuwa maswali hayafanani kwa watahiniwa wote. Kompyuta humpa anayejibu vizuri maswali magumu zaidi, na anayekosea humpa mepesi zaidi. Watu wawili waweza kupata majibu sahihi 12 kila mmoja na bado alama zao zikatofautiana. Alama zinazotolewa, kuanzia 60 hadi 90 kwa kila sehemu na kuanzia 205 hadi 805 kwa jumla, zimekwisha kurekebishwa ili ziweze kulinganishwa. Wala hakuna kiwango cha kufaulu: kila shule hujiamulia yenyewe. Kwa hiyo sentensi "amefaulu GMAT" haina maana. Sema "amepata alama kadha".

Je, tuiite nini namba ya nafasi? Lilitolewa pendekezo la "nafasi kwa mia". Ni la Kiswahili safi, lakini lina hatari ileile: wazee wetu husema "kumi kwa mia" wakimaanisha asilimia kumi. Lilitolewa pia "cheo cha mia", ambalo linaelekea kwenye madaraka. Baada ya kuyapima, tunapendekeza neno la kutohoa, "pasentaili". Wapo watakaolalamika kwamba ni neno la kigeni. Ni kweli, na tunalipendekeza pamoja na ugeni huo. Msomaji akutanapo na "pasentaili" kwa mara ya kwanza husimama na kuuliza maana yake. Akutanapo na "asilimia" haulizi kitu, kwa sababu anadhani anajua. Neno geni linalomfanya mtu aulize lina heri kuliko neno zoefu linalomdanganya. Hii haina maana kwamba tutohoe kila neno. Pale ambapo Kiswahili kina neno lisilogongana na maana nyingine, kama udahili au utoshelevu, hilo ndilo litangulie.

Istilahi zinazopendekezwa

1. Mtihani wa udahili: mtihani unaotumiwa na chuo kuamua ni nani akubaliwe kuwa mwanafunzi.

2. Kozi ya matayarisho: mafunzo ya muda mfupi yanayomzoeza mtahiniwa umbo la mtihani, aina za maswali na matumizi ya muda.

3. Mtihani wa utambuzi: mtihani wa mwanzo wa kozi unaofichua udhaifu wa mwanafunzi.

4. Mtihani wa mazoezi: mtihani unaoiga ule halisi kwa idadi ya maswali na muda.

5. Daftari la makosa: kumbukumbu ya maswali yaliyokosewa na sababu zake.

6. Mtihani wa kufuata uwezo: mtihani ambao ugumu wa maswali yake hutegemea majibu yaliyotangulia ya mtahiniwa.

7. Utoshelevu wa taarifa: aina ya swali linalouliza kama taarifa zilizotolewa zinatosha kupata jibu.

8. Chukulio: jambo ambalo mtoa hoja amelichukua kuwa kweli bila kulitamka, na ambalo likianguka hoja nayo huanguka.

9. Alama ghafi: idadi ya majibu sahihi kabla ya marekebisho yoyote.

10. Alama linganifu: alama zilizorekebishwa ili watahiniwa waliopata maswali tofauti waweze kulinganishwa.

11. Pasentaili: namba inayoonyesha mtahiniwa amewapita wangapi katika kila watahiniwa 100.

Hatima

Mapendekezo haya bado hayajasanifiwa. Tunawaomba walimu wayajaribu madarasani, wafasiri wayapime katika kazi zao, na watumishi wa ofisi watueleze pale yanapokwama. Mwenye neno bora kuliko "pasentaili" alilete, pamoja na mfano wa sentensi ambamo haliwezi kueleweka vingine.

Wakati huo huo, mfasiri asingoje uamuzi. Kila anapoiandika namba hii, aongeze maelezo mafupi kando yake, japo yachukue mstari mzima. Karatasi ya matokeo ya kozi ile nimekwisha kuiandika upya. Safu iliyosomeka "Asilimia: 62" sasa inasomeka: "Pasentaili 62, maana yake umewapita watahiniwa 62 katika kila 100." Mhasibu wetu, ambaye anajitayarisha kufanya mtihani kwa mara ya pili, ndiye aliyeisoma kwanza na kuipitisha.