TAARIFA KWA WANANCHI: MABAKA YA KUWASHA MWILINI

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wanaarifiwa kwamba mabaka yawashayo, yanayovimba ghafla mfano wa mtu aliyeguswa na upupu, hayaambukizi. Huweza kuletwa na kamba, karanga, dawa kama penisilini, kuumwa na nyuki, na kwa watoto mara nyingi homa ya virusi. Katika ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane. Uvimbe ndio wa kutazamwa. Baka moja kwa kawaida hufifia kabla ya saa 24, jingine likazuka pengine.

Lakini midomo au ulimi ukivimba, pumzi zikibana au mgonjwa akizirai, apelekwe hospitali papo hapo, usiku ama mchana, akadungwe sindano ya adrenalini. Asicheleweshwe kwa dawa za kupaka.

Mabaka yakiendelea kuzuka zaidi ya wiki 6, mhusika amwone daktari. Aliyepatwa baada ya kumeza dawa asiirudie kabla ya kuonana na tabibu, na aende na pakiti yake.