Mapambo ya fedha na feruzi: Kinachoibwa ni jina

MFUGAJI anayejua kazi yake hauzi mtamba wakati wa kiangazi kwa sababu tu ada ya shule imefika. Hutafuta kitu kingine cha kumvusha mpaka mvua zirudi na soko litengemae. Katika nyanda kame za kusini magharibi mwa Marekani, kitu hicho kwa miaka mingi kilikuwa bangili au mkufu wa madini ya fedha, uliopambwa kwa jiwe la feruzi na vipande vya makombe ya baharini.

Mapambo hayo hutengenezwa kwa mkono na wenyeji wa asili wa majimbo ya New Mexico na Arizona, hasa Wanavajo, Wazuni, Wahopi na watu wa kijiji cha Kewa. Yanauzwa hadi Ulaya na Japani. Historia yake inamhusu moja kwa moja mkulima au mchuuzi wa kwetu, kwa kuwa inaonyesha jinsi kazi ya mikono inavyoweza kuitunza kaya, na jinsi mapato yake yanavyoweza kuchukuliwa na mtu ambaye hajawahi kushika nyundo.

Ganda kutoka bahari ya mbali

Kombe na feruzi ni vya zamani kuliko fedha katika eneo hilo. Wanaakiolojia waliochimba magofu ya Chaco Canyon, New Mexico, walikuta maelfu ya vipande vya feruzi pamoja na makombe yaliyotoka Ghuba ya California, mamia ya kilomita kutoka hapo. Hii ina maana kwamba biashara ya masafa marefu ilikuwapo karibu miaka elfu moja iliyopita, na ganda la chaza lilikuwa bidhaa ya thamani kwa watu wasioiona bahari.

Watu wa Kewa bado wanaendeleza kazi ya shanga za ganda ziitwazo heishi. Ganda hukatwa vipande vidogo, hutobolewa, hupangwa kwenye uzi, kisha huzungushwa juu ya jiwe la kusagia hadi shanga zote zilingane. Ganda linalopendwa zaidi ni la chaza mwenye miiba, lenye rangi nyekundu au ya machungwa, ambalo huvuliwa pwani ya Meksiko.

Ufuaji wa fedha ulikuja baadaye. Wanavajo walijifunza kwa mafundi wa Kimeksiko katikati ya karne ya 19, na Wazuni wakajifunza kwa Wanavajo miaka ya 1870. Mwanzoni waliyeyusha sarafu. Leo wengi hutumia fedha ya kiwango cha 925, yaani sehemu 925 za fedha halisi katika kila 1,000, na sehemu iliyobaki kwa kawaida huwa shaba. Wanavajo wanasifika kwa kazi nzito ya kugonga chapa na kumimina fedha kwenye kalibu za mawe. Wazuni wanasifika kwa kuchonga na kupanga vipande vidogo vya feruzi na kombe ndani ya fremu ya fedha, kwa ulinganifu ambao jicho haliamini.

Benki ya mfugaji

Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwaondoa Wanavajo kwa nguvu kwenye ardhi yao. Waliruhusiwa kurudi kwa mkataba wa 1868, ambao uliahidi kuwapa kondoo na mbuzi 15,000 wa kuanzia maisha upya. Mifugo ikaongezeka, na maduka ya wafanyabiashara wazungu yakafunguliwa kila upande wa eneo lao.

Mfugaji alikuwa na misimu miwili ya kupata: majira ya kuchipua alipouza sufu, na vuli alipouza wana-kondoo. Katikati ya misimu hiyo alihitaji unga, sukari, kahawa na kitambaa. Alichofanya ni kuweka mapambo yake rehani dukani, akachukua bidhaa, na sufu ilipouzwa akayakomboa. Mkufu uliovaliwa arusini ulikuwa pia akiba ya familia.

Msomaji anayefahamu stakabadhi ghalani ataona mfanano. Mali inashikiliwa, mwenyewe anapata cha kutumia sasa, na anasubiri wakati mzuri zaidi. Tofauti ni kwamba hapa mwenye duka ndiye aliyekuwa ghala, mkopeshaji, muuzaji wa unga na mnunuzi wa sufu kwa pamoja. Muda ukipita bila kukombolewa, aliruhusiwa kuuza. Malalamiko ya riba na ya mali kuuzwa kinyemela yaliongezeka hadi serikali ya shirikisho ikaweka masharti makali katika miaka ya 1970, na biashara ya rehani ikahamia miji ya mpakani kama Gallup. Mtu mmoja akishika kila mlango wa soko, hata akiba yako inakuwa mtaji wake.

Kondoo walipopunguzwa

Kuanzia mwaka 1933 serikali ilianza kupunguza mifugo ya Wanavajo. Hoja yake ilikuwa kwamba malisho yamechoka na udongo unasombwa hadi mto Colorado, ambako bwawa kubwa, linaloitwa leo Hoover, lilikuwa likijengwa. Mbuzi na kondoo wengi walinunuliwa kwa bei ndogo, na wengine walipigwa risasi na kuachwa hapo hapo. Pigo liliwaangukia zaidi wanawake, kwa kuwa katika desturi ya Wanavajo wao ndio waliokuwa wamiliki wa sehemu kubwa ya mifugo.

Baada ya hapo ufumaji wa mazulia na ufuaji wa fedha ukawa na uzito mkubwa zaidi katika kipato cha kaya. Soko lilikwisha kuandaliwa: tangu mwaka 1899 kampuni ya Fred Harvey, iliyoendesha hoteli na migahawa kwenye njia ya reli, ilikuwa ikiagiza mapambo mepesi ya kuwauzia watalii. Kwa Wazuni, ambao kijiji chao kiko kama kilomita 60 kusini mwa Gallup, kazi hiyo ikawa shughuli ya nyumba nzima: mmoja anakata jiwe, mwingine analehemu fedha, mwingine anang'arisha.

Katika ukata wa miaka hiyo ya 1930, mafundi wa Kewa walipokosa malighafi walitumia santuri zilizovunjika na makasha ya betri za magari. Leo wakusanyaji wanayatafuta mapambo hayo ya plastiki na kuyalipia vizuri, kwa sababu inajulikana nani aliyafanya, lini na kwa nini. Malighafi ina bei yake, lakini asili ya kitu nayo ina bei.

Hesabu ya bangili moja

Tuchukue mfano wa makadirio. Bangili ina gramu 20 za fedha ya 925. Wakia moja ya masonara ni gramu 31.1. Ikiwa fedha inauzwa dola 50 kwa wakia, fedha iliyomo ndani ya bangili hiyo inagharimu karibu dola 30. Ongeza feruzi, kombe, gesi, lehemu na nyembe za msumeno, tuseme dola 25. Gharama ya vifaa ni dola 55.

Fundi akifanya kazi saa 16 na kuliuzia duka kwa dola 135, anabaki na dola 80, sawa na dola 5 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara cha serikali ya shirikisho la Marekani ni dola 7.25 kwa saa tangu mwaka 2009. Duka likiongeza mara mbili, bangili inaandikwa dola 270.

Fedha ilipokuwa karibu dola 25 kwa wakia, fundi huyo huyo angebaki na dola 95. Oktoba 2025 bei ilivuka dola 50, ikaipita rekodi iliyodumu tangu Januari 1980. Mkulima wa mahindi aliyeona bei ya mbolea ikipanda huku bei ya gunia ikibaki pale pale anaijua hali hii vizuri.

Sasa weka kando ya bangili hiyo nyingine inayofanana nayo, iliyotengenezwa kiwandani Asia, yenye rangi ya feruzi iliyotokana na plastiki au jiwe jeupe la haulaiti lililotiwa rangi. Inabandikwa bei ya dola 200 na tangazo la "punguzo nusu bei". Mtalii hana jicho la kutofautisha. Duka linapata faida kubwa zaidi kwenye ile ya bandia, na fundi anaambiwa ashushe bei.

Sheria inakataza uongo, si kuiga

Mwaka 1985 Wizara ya Biashara ya Marekani ilikadiria kuwa soko la kazi za mikono za wenyeji wa asili lilikuwa la dola milioni 400 hadi 800 kwa mwaka, na kwamba bidhaa za kuiga kutoka nje zilichukua asilimia 10 hadi 20 yake. Serikali ikaagiza mapambo ya mtindo huo yanayoingizwa nchini yachapwe jina la nchi yalikotoka, kwa alama isiyofutika. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1990, ambayo mtu anayeuza kitu kwa kudanganya kwamba kimetengenezwa na mwenyeji wa asili anaweza kufungwa hadi miaka 5 na kutozwa faini hadi dola 250,000. Kwa kampuni, faini inaweza kufika dola milioni 1.

Lakini tuisome sheria hiyo kwa makini. Haimkatazi mtu kutengeneza bangili inayofanana na ya Wazuni. Inamkataza kusema uongo juu ya aliyeitengeneza. Akiandika "mtindo wa Kizuni, imetengenezwa Ufilipino", hana kosa. Kinacholindwa ni jina, wala si umbo.

Oktoba 2015 maofisa wa serikali walipekua maduka huko Albuquerque, Santa Fe na Gallup, wakifuatilia mapambo yaliyotengenezwa Ufilipino na kuuzwa kama ya wenyeji. Mwaka 2018 mfanyabiashara mmoja alihukumiwa kifungo cha miezi 6 na kutakiwa kulipa fidia ya zaidi ya dola 9,000. Ukilinganisha na ukubwa wa soko, hiyo ni kinga nyembamba. Kesi huchukua miaka, na fundi anakula kila siku.

Kinachofanya kazi kila siku

Kinga nyingine iko Santa Fe, chini ya baraza ya jengo la kale la magavana. Hapo mafundi hukaa kila siku wakiuza wenyewe. Kila kitu lazima kiwe kimetengenezwa na muuzaji au mtu wa kaya yake, na kiwe na muhuri wa fundi uliosajiliwa na mpango huo. Wakifika wengi kuliko nafasi, hupigwa kura. Mnunuzi anamwona aliyetengeneza, anamuuliza jiwe limetoka wapi, naye fundi hana haja ya kugawana bei na duka.

Wanunuzi nao hushauriwa kuuliza maswali machache: Nani ametengeneza, na ni wa kabila gani? Fedha ni ya 925? Feruzi ni ya asili, au imeimarishwa kwa gundi? Majibu yaandikwe kwenye risiti. Muuzaji mkweli haogopi kuandika.

Tunalojifunza

Pwani yetu ina masonara wa fedha Unguja na Lamu. Katika vijiji vya Fumba na Bweleo, Unguja, vikundi vya akina mama vimejifunza kusugua makombe na kuyafanya hereni na mikufu. Ganda likiuzwa ghafi ufukweni lina bei ya kutupa, na kila mchuuzi analo. Likisuguliwa na kupewa jina la kijiji na la mtengenezaji, linakuwa bidhaa nyingine.

Tusisubiri kuigwa ndipo tuamke. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno la kikoi kama alama yake ya biashara nchini humo. Ililazimu pingamizi kutoka Kenya hadi maombi hayo yakaachwa. Ni rahisi zaidi kujisajili mapema kuliko kumfukuza aliyekwisha kuingia.

Kwa kikundi kinachotaka kuanza, nashauri mambo manne. Kwanza, kila kitu kiwe na muhuri au kitambulisho cha aliyekitengeneza, hata kama ni herufi mbili tu. Pili, kikundi kisajili alama yake; Tanzania Bara ni BRELA, Kenya ni KIPI. Tatu, kiweke daftari la gharama na saa za kazi, ili bei isipangwe na dalali. Nne, kitafute angalau mlango mmoja wa kumuuzia mnunuzi wa mwisho moja kwa moja, hata kama sehemu kubwa ya mzigo inapitia madukani.

La nyongeza ni afya. Vumbi la kombe na la jiwe huharibu mapafu. Wanaosaga wasage kwa maji, wavae kinga ya pua na mdomo, na watoto wakae mbali na meza ya kazi.

Fundi wa Kizuni anaijua kazi yake kuliko kiwanda chochote, na bado ustadi huo peke yake haukumlinda. Kinachomrudishia bei yake ni mnunuzi kujua kwa hakika kwamba bangili hii imetoka mikononi mwake. Nasi, iwe tunauza kombe, asali, mkeka au kahawa, tuanze kuandika majina yetu juu ya kazi zetu kabla mwingine hajaandika lake.