Simu ni Yako, Amri ni ya Nani? (Sehemu ya Pili): Kisa cha Ideos

Wiki iliyopita tuliona jinsi Android ilivyojengwa juu ya Linux, na jinsi kila programu unayoiweka kwenye simu inavyopewa namba yake ya utambulisho, kuanzia 10000 kwenda mbele, isiweze kugusa mafaili ya wenzake. Juu yao wote yuko mtumiaji mmoja mwenye namba sifuri. Huyo ndiye ruti. Anasoma faili lolote, anafuta analotaka, anazima programu yoyote, na hakuna wa kumuuliza. Mnunuzi wa simu hapewi cheo hicho dukani. Leo tufuate simu moja ya bei nafuu ambayo waliokuwa Nairobi mwaka 2011 wanaikumbuka vizuri, tuone wenye simu hiyo walivyokipata.

Ni Huawei IDEOS, modeli U8150. Ilitangazwa Berlin Septemba 2010, na mwanzoni mwa 2011 Safaricom wakaanza kuiuza Kenya kwa bei ya kati ya Sh8,000 na Sh9,000. Kioo chake kilikuwa cha inchi 2.8, prosesa ya megahezi 528, RAM ya MB 256, hifadhi ya ndani ya MB 512, na mfumo wake Android 2.2. Leo namba hizo zinachekesha. Video moja tu ya harusi inayorushwa kwenye kundi la ukoo inatosha kuijaza simu hiyo pomoni. Lakini wakati huo simu janja ilikuwa kitu cha wakubwa wa ofisini, na Ideos ndiyo iliyoiteremsha hadi kwa mwanafunzi na mwenye kibanda.

Shida ilikuwa nafasi. Sehemu kubwa ya zile MB 512 ilikwisha kuliwa na mfumo wenyewe pamoja na programu zilizotoka nazo kiwandani. Ukiongeza Facebook, Opera Mini na mchezo mmoja wa watoto, simu inaanza kulalamika kwamba hifadhi inakaribia kwisha, na ikizidi hapo hata SMS haziingii. Memori kadi imo humo humo, tupu. Ni kweli kwamba Android 2.2 ndiyo iliyoleta uwezo wa kuhamishia programu kwenye kadi, ila mpaka aliyeitengeneza programu awe ameridhia, na hata akiridhia sehemu ya data zake hubaki ndani. Zile programu za kiwandani nazo hazikuwa na kitufe cha kuziondoa, kwa kuwa zinakaa katika kigawanyo cha hifadhi kiitwacho system, ambacho simu ikiwaka hukifungua kwa kusomwa tu. Anayeweza kukifungua kwa kuandikwa ni ruti peke yake. Ruti pia ndiye awezaye kuigawa kadi sehemu mbili, akaipa sehemu ya pili muundo wa Linux, kisha akahamishia programu huko huku mfumo ukidhani bado zimo ndani. Kazi hiyo ndiyo iliyoipatia programu ya Link2SD jina. Watu wengi walioruti Ideos hawakuwa wadukuzi wala hawakutaka kuwa. Walitaka nafasi.

Sasa walipitia wapi? Njia iliyojulikana zaidi ilikuwa programu ndogo iliyotolewa mwaka 2010 na Sebastian Krahmer, mtaalamu wa usalama wa Linux kutoka Ujerumani, akaiita rageagainstthecage. Nitaieleza taratibu, kwa sababu kwa maoni yangu ni mojawapo ya hila nzuri kabisa katika historia ya simu, na haihitaji hesabu ngumu kuielewa.

Ukiunganisha simu ya Android na kompyuta kwa waya wa USB na kuwasha ruhusa ya watengenezaji programu, ndani ya simu kunakuwa na mtumishi aitwaye adbd anayepokea amri za kompyuta. Mtumishi huyu huzaliwa akiwa ruti, kwa kuwa kuna kazi chache za mwanzo zinazohitaji mamlaka hayo. Akizimaliza, anakiomba kiini cha Linux kimvue uruti na kumpa namba 2000, ya mtumiaji wa kawaida aitwaye shell. Kuanzia hapo amri zako za kompyuta zinafanya kazi kwa uwezo mdogo.

Linux ina kanuni nyingine isiyohusiana kabisa na hiyo: kila mtumiaji ana kikomo cha michakato anayoweza kuendesha kwa wakati mmoja, ili asije mmoja akaielemea mashine nzima. Krahmer alizikutanisha kanuni hizo mbili. Programu yake inaingia kama shell, inazaa michakato mfululizo mpaka kikomo cha namba 2000 kinafika, halafu inamuua adbd. Hilo halihitaji ruhusa ya pekee, maana adbd naye kwa wakati huo ni shell, na shell anaweza kuua cha shell. Nafasi moja aliyoiacha marehemu inajazwa papo hapo na mchakato mwingine. Mfumo unaona adbd ameanguka, unamwasha upya, naye kama kawaida anazaliwa ruti. Anafanya kazi zake za mwanzo, anaomba avuliwe uruti awe namba 2000, na kiini kinamkatalia: namba 2000 imejaa.

Waandishi wa adbd hawakuwahi kufikiri kwamba ombi la kushushwa cheo linaweza kukataliwa. Msimbo wao haukuangalia jibu. Adbd akaendelea na kazi akiamini ameshavuliwa, ilhali bado ni ruti. Kwenye kioo cha kompyuta tofauti ilikuwa alama moja tu: penye alama ya dola sasa pana alama ya reli.

Hapo kazi haijaisha, kwa kuwa simu ikizimwa na kuwashwa ushindi wote unapotea. Ndipo unakifungua kile kigawanyo cha system kwa kuandikwa na kuweka humo faili liitwalo su, mali ya ruti, lenye ruhusa 4755. Ile 4 ya mbele ndiyo yenye uzito: inauambia mfumo kwamba yeyote atakayeendesha faili hili, liendeshwe kwa mamlaka ya mwenye faili, si ya aliyeliita. Pembeni yake inawekwa programu ya Superuser, ambayo kila mara programu nyingine inapoita su inakuuliza wewe: nimruhusu au nimkatae? Baadaye nafasi yake ilichukuliwa na SuperSU, na tangu 2016 na Magisk ya John Wu, ambayo haigusi system hata kidogo. Inabadilisha sehemu inayowasha simu.

Mtu asidhani kwamba tundu kama hilo ni la simu za bei rahisi peke yake. Simu ya kwanza kabisa ya Android kuuzwa, T-Mobile G1 ya mwaka 2008, ilitoka na kosa la ajabu zaidi: kila ulichokiandika kwenye kibodi yake, hata kama ni ujumbe kwa mchumba, kilipelekwa pia kimyakimya kwa ruti kama amri. Aliyeandika neno la kuizima na kuiwasha upya katikati ya mazungumzo aliona simu inatii. Google walilifunga tundu hilo upesi. Tofauti ya simu za bei nafuu iko kwenye kasi ya kufunga, si katika kuwa na matundu.

Na hapa ndipo wanaosifia ruti bila kusita wanaponichosha. Machi 2011, katika soko rasmi la Android, ziligunduliwa programu zaidi ya 50 zilizobeba kirusi kilichoitwa DroidDream. Ndani yake mlikuwa na rageagainstthecage ileile, neno kwa neno, pamoja na mwenzake aitwaye exploid. Mtu alipakua mchezo. Mchezo ukajipa uruti bila kumuuliza, ukachukua namba ya IMEI na ya laini, kisha ukaweka programu nyingine ya kupokea maagizo kutoka mbali. Kilipangwa kufanya kazi kati ya saa tano usiku na saa mbili asubuhi, mwenye simu akiwa amelala, na jina lake lilitokana na hilo. Google waliziondoa programu hizo sokoni na kwenye simu za watu kutoka mbali, wakatuma na dawa ya kufuta mabadiliko. Waliokuwa na Android 2.2.2 au toleo jipya zaidi hawakuguswa. Waliobaki na toleo la nyuma, kwa kuwa kiwanda hakikuwaletea jipya, walikuwa wazi.

Kwa hiyo kuna namna mbili za kupata ruti, na mafundi wengi huzichanganya. Namna ya kwanza ni kupitia tundu, kama hili la Krahmer. Ya pili ni kupitia ufunguo: kampuni yenyewe inakuruhusu kufungua butiloda, ile programu ya mwanzo kabisa inayoamua mfumo upi uwashwe. Butiloda ikifunguliwa, simu kwa kawaida hufuta kila kitu chako kwanza. Wengi hudhani ni ukorofi wa kampuni. Sababu yake ni kwamba aliyeokota au kuiba simu asiweze kuweka mfumo wake na kusoma picha na barua zako. Ruti ya ufunguo inamhitaji mtu aishike simu mkononi, na inaacha alama kila simu inapowaka. Ruti ya tundu haihitaji mkono wa mtu yeyote.

Simu za bei nafuu za miaka iliyofuata zimeishi zaidi na matundu. Chukua zile zenye prosesa za MediaTek, ambazo zimejaa kutoka Kariakoo ya Dar es Salaam hadi mtaa wa Luthuli wa Nairobi. Mwaka 2019 ilionekana kwamba programu yoyote ya kawaida katika simu nyingi za MediaTek ingeweza kuandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya mashine, na hivyo kujifanya ruti kwa sekunde chache. Tundu hilo liligunduliwa na mtu aliyekuwa akitafuta namna ya kuruti tableti za Amazon. MediaTek ilikuwa imetengeneza kiraka mwaka huohuo, lakini kiraka kinapita kwa kampuni ya simu kabla ya kumfikia mtumiaji, na nyingi hazikujisumbua. Machi 2020 Google ililazimika kulitaja katika taarifa yake ya usalama ya kila mwezi, likapewa namba CVE-2020-0069. Simu ambayo haikupata toleo jipya tangu iliponunuliwa inalo mpaka leo.

Kisha kuna kisa cha Tecno W2. Mwaka 2020 kampuni ya usalama ya Upstream ilieleza kwamba simu za modeli hiyo zilizouzwa Ethiopia, Misri, Ghana, Kamerun na Afrika Kusini zilitoka zikiwa na virusi viitwavyo Triada na xHelper, vilivyokuwa vikiwaunganisha watu na huduma za kulipia bila ridhaa yao. Salio likaisha, bando likaisha, mwenye simu asijue linakwenda wapi. Watengenezaji, Transsion, walisema lawama ni ya msambazaji mmoja katika mnyororo wao. Mwenye simu akiirudisha ilivyotoka kiwandani, kirusi kinarudi. Amri hiyo hufuta kigawanyo cha data tu. Haigusi system, na xHelper alikuwa amejificha huko huko mwenye simu asikoruhusiwa kuandika.

Mtu aliyenunua simu kwa fedha yake hana uruti, na mgeni asiyemjua anao. Siku hizi nikisikia mtu anasema kuruti simu ni kuharibu usalama wake, namuuliza kwanza ni simu gani na kiraka chake cha mwisho ni cha lini. Katika simu mpya inayopata viraka kila mwezi, namuunga mkono bila ubishi. Katika simu ya miaka minane isiyolindwa na mtu, usalama anaoutetea uliondoka zamani.

Kuna jambo moja lichungwe lisichanganywe na haya. Kubadilisha IMEI, ambako baadhi ya mafundi hukufanya simu ikishakuwa na ruti, ni kosa la jinai Tanzania chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Kuruti kwenyewe ni jambo jingine. Fundi akikuambia anafanya vyote viwili kwa bei moja, chukua simu yako uondoke.

Hukumu yangu ni hii. Simu ya zamani iliyobaki ya muziki, ya kumfundishia mtoto Linux au ya kusomea vitabu, iruti bila hofu: nakili picha na namba kwanza, jaza chaji, hakiki modeli kamili nyuma ya betri, maana faili la modeli jirani linaweza kuizima moja kwa moja. Kimbia programu za kubonyeza mara moja zinazoahidi kuruti kila simu duniani. Hujui zinaacha nini ndani. Simu inayobeba fedha iache. Programu nyingi za benki zikigundua ruti hukataa kufunguka, na hapo sioni kosa lao.

Kabla ya Jumapili ijayo, fungua Mipangilio, ingia Kuhusu simu, utafute tarehe ya kiraka cha usalama. Ikiwa simu yako ni ya MediaTek na tarehe hiyo iko kabla ya Machi 2020, toa programu ya benki leo hii na uihamishie kwenye simu nyingine. Katika sehemu ya tatu tutaona namna ya kuwekea simu ya aina hiyo mfumo mpya kabisa.