Maumivu ya sehemu za siri: Je, asali ni dawa?

KUNA akina mama ambao kuketi tu ndani ya matatu ni adhabu. Sehemu ya nje ya uke huwaka kama iliyopakwa pilipili, tendo la ndoa haliwezekani na mume huanza kushuku mambo mengine. Hospitalini hupimwa, huambiwa hawana ugonjwa, kisha hupewa tena ile dawa ya kuvu ambayo haikuwafaa mara ya kwanza. Si ajabu baadhi yao huishia kujipaka asali.

Je, wanakosea? Inategemea kinachouma ni nini.

Asali hutibu vidonda kweli. Ina maji machache na sukari nyingi, na sukari hiyo hufyonza maji kutoka kwa viini vya magonjwa. Isitoshe, ikichanganyika na majimaji ya kidonda hutoa haidrojeni peroksaidi kidogo, dawa ambayo wauguzi wanaijua vyema. Marekani iliidhinisha bandeji za asali ya hospitali mwaka wa 2007.

Lakini mara nyingi maumivu tunayozungumzia hayana kidonda. Yakidumu miezi 3 au zaidi na daktari asione chanzo, huitwa vulvodinia. Hitilafu huwa kwenye neva, na mara nyingi misuli ya nyonga nayo huwa imekaza. Asali haifiki huko. Huenda ikalainisha ngozi na kuleta nafuu ya saa chache, na hapo ndipo ilipo hatari: mama hudhani anapona, akaahirisha kumwona daktari.

Madoa meupe yenye mwasho, kwa mfano, yanaweza kuwa ugonjwa wa ngozi uitwao likeni sklerosasi. Hutibiwa kwa krimu kali ya steroidi, na ukipuuzwa unaweza kuleta saratani. Kidonda kisichopona, uvimbe au damu pia havingoji asali.

Anayetaka kuijaribu hata hivyo atumie ile ya hospitali iliyouliwa viini, wala si ya chupa ya kando ya barabara ambayo pengine ni sukari iliyochemshwa. Ajipake kwanza kidogo mkononi na kungoja siku moja. Asiiingize ndani.

Kwa vulvodinia, madaktari hutoa mafuta ya lignokaini ya kutia ganzi, mazoezi ya kulegeza misuli ya nyonga, na wakati mwingine vidonge vya amitriptilini kwa kipimo kidogo. Usishtuke ukisoma kwamba hiyo ni dawa ya mfadhaiko. Hapa kazi yake ni kutuliza neva. Nyumbani, acha sabuni na dawa za kuua viini (akina mama wengi hujisugua kupita kiasi). Maji matupu yanatosha, pamoja na chupi za pamba.

Ukienda kliniki, mwombe daktari akuguse polepole kwa kijiti cha pamba huku ukimwonyesha panapouma. Kipimo hicho huchukua dakika chache na hakihitaji mashine yoyote.