Dozi ya Nyongeza Pwani ya Palma: Pima Mwili Kwanza

Corona iliingia kaskazini mwa Cabo Delgado kupitia Afungi. Mgonjwa wa kwanza wa Msumbiji alitangazwa tarehe 22 Machi 2020, na wiki chache tu baadaye kambi ya mradi wa gesi wa kampuni ya Total, kwenye rasi ya Afungi wilayani Palma, ikawa kitovu cha maambukizi ya nchi nzima. Nje ya uzio wa kambi watu walikuwa na hofu nyingine kubwa zaidi: vita. Mji wa Mocímboa da Praia ulitekwa na wapiganaji Agosti 2020. Chanjo ya corona ilianza kutolewa nchini tarehe 8 Machi 2021, kwa wahudumu wa afya kwanza. Siku 16 baadaye, tarehe 24 Machi, Palma nayo ikashambuliwa.

Ndiyo maana historia ya chanjo pwani hii huweza kutofautiana hata ndani ya nyumba moja. Baba huenda alichanjwa Pemba, baada ya kushuka na jahazi ufukweni Paquitequete. Mama huenda alichanjwa katika kambi ya waliokimbia vita huko Metuge, na kijana aliyejihifadhi kijijini Quitunda hajawahi kudungwa chochote. Kadi zimepotea, nyingine zimelowa maji ya bahari. Watu wengi wamerudi makwao, nyavu zimeshuka tena majini, na swali moja bado linaulizwa barazani: ile sindano ya nyongeza ina haja tena?

Wapo wanaoihitaji sana, na wapo wanaoweza kuiacha bila wasiwasi. Kinachowatenganisha ni umri, mimba, kazi wanayofanya na maradhi wanayoishi nayo. Tatizo ni kwamba wengi hawayajui maradhi yao.

Chanjo hujenga kinga za namna mbili. Ya kwanza ni ile ya damu inayoelea tayari kukidaka kirusi kinapoingia tu. Hii hupungua baada ya miezi michache, na kirusi nacho kimebadilika mara nyingi tangu Omicron ilipotangazwa Novemba 2021 na wataalamu wa Botswana na Afrika Kusini. Kwa hiyo aliyechanjwa huweza kuambukizwa tena, akakohoa siku tatu na kupona. Ya pili ni kumbukumbu ya mwili: chembechembe zinazomtambua adui na kuamsha jeshi lote kabla mapafu hayajaharibika. Hii hudumu muda mrefu zaidi, na ndiyo inayomwepusha mtu na kitanda cha hospitali. Kwa kijana mwenye afya, kumbukumbu hiyo imekwisha kujengwa kwa chanjo, kwa ugonjwa wenyewe, au kwa vyote viwili. Kwa mzee, au kwa mtu ambaye mwili wake umedhoofishwa na maradhi mengine, hujengwa kwa shida na hufifia haraka. Dozi ya nyongeza huukumbusha mwili unaosahau.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba corona si dharura ya kimataifa tena. Miezi michache baadaye wataalamu wake wa chanjo walirahisisha ushauri. Asiyewahi kuchanjwa, dozi moja inamtosha kuanzia, kwa sababu karibu kila mtu amekwisha kukutana na kirusi. Kurudia ni kwa makundi machache: wazee na watu wenye maradhi kama kisukari au moyo, baada ya miezi 12 hivi; wakongwe sana, wenye maradhi kadhaa kwa pamoja, na wale ambao kinga yao imepungua, baada ya miezi 6 hadi 12; wajawazito, katika kila mimba; na wahudumu wa afya wanaokutana na wagonjwa, kila mwaka. Kijana wa miaka 25 anayevua pweza na hana ugonjwa wowote hayumo katika orodha hiyo. Akiacha, hajavunja agizo lolote.

Hapo ndipo mambo ya Msumbiji yanapokuwa magumu. Mwaka 2005 Dk. Albertino Damasceno wa Maputo na wenzake walipima shinikizo la damu kwa watu wa miaka 25 hadi 64 nchi nzima. Waliwakuta 33 katika kila 100 wana shinikizo la juu. Kati ya hao wenye ugonjwa, walioujua walikuwa karibu 15 tu kwa kila 100. Mtu asiyejua ana shinikizo atajiweka katika kundi la wenye afya, na atakosea. Kisukari nacho hukaa kimya miaka mingi, mpaka kidonda cha mguu kikatae kupona. Mtu wa miaka 50 anayeuliza kama apate dozi ya nyongeza, jambo la kwanza analolihitaji ni kipimo cha shinikizo mkononi na tone la damu la kupima sukari.

Tumfikirie bibi wa miaka 68 aliyekimbia Palma na kuchanjwa Pemba mwishoni mwa 2021, dozi mbili za Sinopharm. Anafika kituo cha afya kwa sababu ya magoti. Nesi anamfunga mkanda wa kipimo.

“Shikamoo bibi. Unatumia dawa yoyote ya kila siku?”

“Marahaba mwanangu. Situmii. Mimi ni magoti tu.”

Kipimo kinasoma 172 kwa 98. Sasa bibi yumo katika kundi la wanaohitaji nyongeza kwa sababu mbili, umri na shinikizo. Ipo na ya tatu. Sinopharm hutengenezwa kwa kirusi kilichouawa, na kwa wazee ilionekana kujenga kinga hafifu kiasi kwamba Oktoba 2021 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walishauri wenye miaka 60 na zaidi wapate dozi ya tatu ili kukamilisha tu hesabu ya mwanzo. Bibi huyu, kwa kweli, hajawahi kukamilisha. Basi atoke pale na vitu viwili: dawa za shinikizo, na jina lake katika orodha ya chanjo.

Kundi jingine linalostahili kuzungumzwa waziwazi ni la wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Utafiti wa kitaifa wa INSIDA wa mwaka 2021 ulikadiria kwamba watu wazima zaidi ya 12 katika kila 100 Msumbiji wana virusi hivyo. Anayemeza dawa zake kila siku, na kinga yake imerudi, huitikia chanjo vizuri. Hatari iko kwa yule aliyekatishwa dawa na vita, akahamahama kambi tatu bila faili lake kumfuata. Mwaka 2021 watafiti wa Afrika Kusini, Tulio de Oliveira akiwamo, walieleza habari za mwanamke mmoja ambaye Ukimwi wake haukuwa umedhibitiwa: corona ilikaa mwilini mwake siku 216 na kujibadilisha zaidi ya mara 30. Kwa mtu wa namna hiyo, kurudi kwenye dawa za kufubaza virusi ndiyo hatua ya kwanza, na chanjo ifuate karibu. Akidungwa wakati kinga yake iko chini kabisa, sindano haifanyi kazi yake sawasawa.

Mjamzito naye mara nyingi husahaulika, au huogopeshwa na jirani. Corona katika mimba huongeza hatari ya mama kulazwa mahututi na ya mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Chanjo haimpi mtoto ugonjwa. Kinga ya mama hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, naye huzaliwa nayo. Wakati unaopendelewa ni katikati ya mimba, siku ile ile anapokwenda kliniki ya wajawazito, bila safari ya pili.

Chanjo hizi zina madhara, na kuyaficha kumeharibu imani ya watu kuliko madhara yenyewe. AstraZeneca na Janssen, zote mbili zilizotumika Msumbiji, zilihusishwa na tatizo adimu sana la kuganda kwa damu. Chanjo za aina ya Pfizer zilihusishwa na uvimbe wa misuli ya moyo, nao pia ni nadra, hasa kwa vijana wa kiume. Hapo ndipo hesabu inapogeuka kulingana na mtu. Kwa bibi wa shinikizo la 172, hatari ya corona ni kubwa mara nyingi kuliko ya sindano. Kwa kijana mzima aliyekwisha kuchanjwa, faida ya dozi nyingine ni ndogo mno, na hakuna sababu ya kumsukuma.

Yale ya kawaida ni mkono kuuma, uchovu na homa ya siku moja au mbili. Kwa pwani hii, hata hivyo, homa haina chanzo kimoja. Mtu aliyechanjwa Jumatatu akiamka na homa Jumatano, anasema ni sindano, anafunika shuka. Huenda ni malaria. Homa ikivuka siku ya pili, au ikija na kutapika, kutetemeka au kuchanganyikiwa, aende akachomwe kidole apimwe malaria siku hiyo hiyo. Mtoto mdogo hachanjwi corona hapa kwa kawaida, kwa hiyo homa yake isisingiziwe chanjo ya mtu mwingine. Apimwe mara moja.

Aliyepoteza kadi asiogope kwamba ataanza upya. Anasema anachokumbuka: mwaka gani, mji gani, mara ngapi. Hata asipokumbuka kitu, dozi moja zaidi haimdhuru, na si lazima nyongeza iwe ya jina lile lile alilodungwa zamani. Kuchanganya chanjo kulichunguzwa nchi nyingi na kukubaliwa. Waislamu wa pwani huuliza pia kuhusu Ramadhani. Mufti Mkuu wa Saudia alieleza Machi 2021 kwamba chanjo haifunguzi, kwa kuwa si chakula wala kinywaji. Nchi hiyo ndiyo iliyotaka mahujaji wa mwaka 2022 wote wawe wamechanjwa kikamilifu.

Jambo la kuaminiana si dogo. Tarehe 7 Aprili 2024, katika mkoa jirani wa Nampula, watu waliokuwa wakikimbia kwa sababu ya uvumi kuhusu kipindupindu walijazana katika chombo cha uvuvi kutoka Lunga kwenda Ilha de Moçambique. Kikazama, na watu zaidi ya 90 wakafa, watoto wengi miongoni mwao. Waliuawa na habari potofu. Watu wa pwani hiyo hiyo wanajua kupokea chanjo wakielezwa vizuri: wiki chache baada ya kimbunga Kenneth cha Aprili 2019, familia za Pemba, Mecufi na Metuge zilikunywa chanjo ya kipindupindu. Tofauti ni nani aliyewaeleza, na kama aliwajibu walipouliza.

Linabaki suala la kuipata. Mpango wa kimataifa wa COVAX, uliokuwa ukizipelekea nchi kama Msumbiji chanjo, ulifungwa mwisho wa mwaka 2023, na mtu asidhani kwamba kila kituo kina dozi kwenye friji. Aulize kabla ya kupanda chombo kutoka Vamizi au gari kutoka Quionga. Tena chupa moja hutoa dozi kadhaa, kama zilivyokuwa tano kwa Janssen na kumi kwa AstraZeneca, na ikishafunguliwa hutupwa baada ya muda wa saa sita. Nesi mwenye mgonjwa mmoja mbele yake husita kuifungua, na bibi huambiwa arudi wiki ijayo, naye harudi. Dawa ya hilo iko kwa viongozi wa mitaa na maimamu: waandike majina ya wazee, wenye kisukari na wajawazito wa kijiji, wakubaliane na kituo siku moja, na siku hiyo wote wapimwe shinikizo na sukari kabla ya kudungwa.