Funga Akaunti Yako Kabla ya Kuondoka Saiba

Wakazi wa Munyaka wanaotumia kompyuta za saiba kuingia eCitizen au iTax wanakumbushwa kufunga akaunti zao wanapomaliza.

Kompyuta iliyo mezani ni mlango tu. Kazi yenyewe hufanyika kwenye mashine zilizo mbali, zinazohudumia watu wengi kwa pamoja. Utaratibu huu ulianza miaka ya 1960 kwenye kompyuta kuu. Mfumo endeshi, kama vile z/OS ya IBM leo, humgawia kila mtumiaji muda mfupi sana kwa zamu, hata aone mashine ni yake peke yake. Mashine haijui sura. Humtambua mtu kwa jina la mtumiaji na nenosiri. Ukiacha akaunti wazi, atakayeketi baada yako anaweza kubadilisha maelezo yako au kutuma ombi kwa jina lako.

Kwa hivyo:

- Andika nenosiri mwenyewe, usimwachie mhudumu.
- Kompyuta ikiuliza kama ihifadhi nenosiri, kataa.
- Bonyeza kitufe cha kutoka kwenye akaunti. Kufunga dirisha pekee hakutoshi.

Marejesho ya kodi ya mwaka hufungwa Juni 30. Usingoje foleni za siku ya mwisho, kwani haraka ndiyo humsahaulisha mtu kufunga akaunti.