Kiroba cha bunga nacho kinataka etiketi

Mwenye kuchimba kasiterite pa Manono ao pa Mitwaba anajua etiketi. Kiroba kinapotoka shimoni, ajenti wa serkali anakifunga etiketi yenye namba na kuandika kilo katika daftari. Kikifika kwa negosia, kinapata etiketi ingine. Njo vile mwenye kununua kule mbali anajua jiwe lilitoka fasi gani.

Lakini bunga ya bukari yetu, nani anajua ilitoka shamba gani? Katanga inakula mahindi mengi ya Zambia, yanayopita Kasumbalesa. Bei ikipanda, mwenye depo anasema ni juu ya mpaka, mwenye kamio anasema ni juu ya barabara, na mama anarudia nyumbani na kilo chache.

Ng'ambo wamejaribu daftari la namna mpya, wanaliita blokicheni. Ni daftari la ndani ya ordinatere, lakini halikai kwa patro mmoja: mkulima, mwenye kamio, mwenye depo na mwenye duka, kila mmoja anaweza kuwa na kopi yake. Mmoja akibadilisha namba kwa siri, kopi za wenzake zinamshitaki.

Faida ni gani? Walmart, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, ilichukua pakiti ya embe zilizokatwa na kuuliza: zilitoka shamba gani? Kwa njia ya zamani, jibu lilichukua siku 6, saa 18 na dakika 26. Kwa blokicheni, sekunde 2,2 tu.

Hiyo si mchezo. Mwezi wa 11 mwaka 2018, saladi ya romaine iligonjwesha watu kule Marekani. Shamba lenye ubaya halikujulikana upesi, basi wakubwa wa afya wakaambia watu watupe romaine yote. Maji, mafuta ya kamio, jasho la wakulima wasio na kosa: vyote kwenye takataka. Daftari likiwa zuri, inatupwa ile ya shamba lenye ugonjwa tu. Mwaka ule ule, Carrefour ya Ufaransa ilianza na kuku wa Auvergne: mnunuzi anaelekeza telefone kwenye alama ya pakiti, anaona kuku alifugwa wapi na alilishwa nini.

Lakini sisi wa migodini hatudanganyike upesi. Tunajua etiketi safi inaweza kufungwa kwenye kiroba cha shimo lingine. Blokicheni haina macho. Inachunga kile inachoambiwa. Kama kilo 50 za mkulima zimeandikwa 45 kwenye balansi, basi zitabaki 45 siku zote, na uongo utakuwa na kopi nyingi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni balansi ya kweli, na kopi mkononi mwa yule anayeuza wa kwanza, mkulima ao mchimbaji. Mwaka 2019, Ford, IBM na wenzao walitangaza jaribio la blokicheni juu ya kobalti ya Kongo, wakianza na mgodi mkubwa wa kampuni. Siku daftari hilo litafika kwenye mashimo yetu, ao kwenye bunga yetu, tusiulize kwanza kama mashini ni ya kisasa. Tuulize: nani anaandika kilo, na kopi yetu iko wapi?